Kumi Tu, Wazima

Chumvi ya kwanza niliyobebeshwa mgongoni ilinishinda mtoni. Tulikuwa tunakaa Mwese, kule milimani, na mimi ndiyo kwanza naanza kuota ndevu. Baba yangu kila kiangazi alikuwa na safari ya kwenda Uvinza kwa miguu, yeye na wenzake wawili watatu. Wanakwenda na asali na nta, wanarudi na chumvi. Mwaka huo akasema haya, na wewe umeshakuwa mtu mzima, twende.

Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi, tukafika kwenye mto ambao mwanzo maji yalikuwa ya magotini, sasa yamekuwa ya kiunoni, maana mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Baba akaniambia kitu. Maji yanapiga kelele, mimi nikaitika, "Ndiyo baba, nimesikia." Sikusikia. Alikuwa amesema niweke mzigo kichwani. Nikavuka nao mgongoni. Nilipofika ng'ambo gunia lilikuwa jepesi kuliko nilivyoingia nalo, na kila nikitembea linazidi kupungua, linanidondokea kwenye visigino, na vipepeo wananifuata njia nzima kama mtu niliyekuwa naoa.

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Mama alilianika lile gunia, likakauka, akalikata vipande vipande, na kwa miezi mingi ukichungulia chungu cha mboga pale nyumbani unakuta kipande cha gunia kinachemka pamoja na majani ya maboga. Wageni wakiuliza, "Shemeji, leo tunakula nini?" mama anajibu, "Leo tunakula mzigo wa mwanangu." Wanacheka, na mimi nipo pale pale.

Kwa hiyo chumvi naiheshimu. Kwetu ilikuwa haichezewi. Siku moja koa aliingia kwenye kibuyu cha mbegu za mtama, dada yangu akamnyunyizia punje chache. Koa akatoa povu, akajikunja, akayeyuka huku tunamwangalia. Dada akachapwa. Hakuchapwa kwa ajili ya koa, alichapwa kwa ajili ya chumvi. Lakini mimi nikabaki na elimu hiyo kichwani, kwamba mdudu mwenye ute ukimpa chumvi hakai, anatoka mwili wote. Shuleni niliishia darasa la nne, kwa hiyo elimu yangu nyingi ni ya namna hiyo, ya kuokota, na hiyo moja ndiyo iliyonitia hatiani uzeeni.

Maana nilikuja kuhamia ziwani. Mke wangu alipofariki sikutaka tena kuangalia vile vilima tulivyokuwa tunalima wote, nikachukua mizinga yangu michache nikashuka mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kijiji kimoja ambacho sikitaji, wenyewe watajijua. Pale watu ni mchanganyiko. Wapo wavuvi waislamu na wakristo, wapo wachuuzi wa dagaa, na nyuma yao wamekuja wafugaji kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Nikajenga vyumba viwili kando ya kichaka. Kichaka chenyewe kilikuwa juu ya mchanga. Ukitoka ziwani unakuta ufukwe, halafu vilima vidogo vya mchanga ambavyo upepo umevisukuma, na juu ya vilima hivyo miti imeota ikabanana, mizizi imeshika mchanga kama vidole. Si msitu mkubwa. Ukianza kuzunguka na kiko kinawaka, unamaliza kabla hakijazima. Niliweka mizinga yangu humo.

Chini ya majani makavu ya kichaka hicho kulikuwa na konokono wadogo sana. Siyo wale wakubwa wa bustanini, hapana. Hawa mkubwa wao ni kama kifungo cha shati, rangi ya asali iliyokaa, na ukimnyanyua kwenye jua unaona mpaka ndani. Wenyeji walikuwa wanawaita vifungo vya mchanga. Hakuna aliyekuwa anawajali, ila miaka ya nyuma aliwahi kuja mfanyabiashara kutoka Mpanda, ananunua maganda ya konokono ya kila aina, ya ziwani na ya nchi kavu, anasema ni ya kupambia vikapu. Alikuwa na neno moja tu mdomoni: "Nataka mazima! Mazima! Lililopasuka kalishe kuku wako." Tulikuwa tunamwokotea, tunachemsha, tunaosha. Akaja misimu miwili halafu akapotea.

Nimemtaja huyo kwa sababu. Siyo kujitetea. Au sawa, ni kujitetea kidogo.

Miaka hii ziwa limepanda. Mtu ambaye hajaona hawezi kuamini. Maji yalikuja taratibu, leo yapo kwenye ukingo wa mchanga, mwezi ujao yapo mlangoni, mwaka ukifuata wavuvi wanafunga mitumbwi kwenye nguzo za nyumba za watu. Jirani yangu, mwanamke mchuuzi wa dagaa, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilibaki paa tu linaonekana. Yeye na wenzake wakawa wanalala kwenye mahema ya turubai nyuma ya shule. Kijiji kikakaa kikao kikaamua: kile kichaka kikatwe, waliofurikiwa wagawiwe viwanja pale kwenye kilima. Nani angepinga? Watu wamelala chini mwaka mzima.

Hapo ndipo akaja yule binti. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, wa huku huku kwetu bara, mwembamba, miwani, kofia ya majani, na begi limejaa vichupa. Alikuwa anasoma mambo ya konokono. Ndiyo, yapo, nami nilishangaa. Wakampeleka kwangu kwa kuwa mimi ndiye nakijua kichaka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa unatafuta konokono."

"Ndiyo babu."

"Kwenu hakuna?"

Akacheka sana. Tangu siku hiyo tukapatana. Alikuwa anakuja asubuhi, ananikuta natengeneza uji, anakunywa kikombe, halafu tunaingia kichakani, yeye anatambaa na magoti na mimi nasogeza matawi. Kila ganda tupu aliloliokota aliliweka kwenye kifuko, akaandika karatasi, akatia ndani. Maganda matupu, nasema, mamia. Mimi nikajua basi, huyu anakusanya maganda, kama yule wa Mpanda, ila huyu ana shule.

Sikujua kitu kimoja, na wewe unayesoma nataka ukijue mapema, usije ukatembea gizani kama mimi. Binti alikuwa amekwenda kwenye kikao cha kijiji kuomba kichaka kisikatwe. Aliwaambia wale konokono wadogo inawezekana hawapo mahali pengine popote. Mwenyekiti akamwambia, "Maganda hata mimi ninayo, upepo unaleta. Tuoneshe wanaotembea. Ukiwaleta hapa mbele ya watu kabla ya Jumamosi ya kukata, viwanja tutavipima kule juu shambani kwa shule, hata kama ni mbali na maji. Usipowaleta, tunakata." Watu wakakubali, hata jirani yangu alinyoosha mkono. Mimi siku ya kikao hicho nilikuwa kwenye mizinga yangu ya ng'ambo ya mto. Na binti hakuniambia, alidhani nimekwisha kusikia, maana kijijini kila mtu amesikia kila kitu.

Ikabaki wiki moja. Konokono anayetembea hajapatikana, ilikuwa mwisho wa kiangazi, ardhi imekauka kama ugoro. Binti akapanda gari kwenda Mpanda kufuata barua ofisini. Na mimi siku hiyo hiyo, nikitafuta gogo la kukalia, nikageuza mti mmoja ulioanguka zamani, umeoza upande wa chini, na hapo ndipo walipokuwa. Wote. Wamebanana kama maharage kwenye kopo, kila mmoja amejifunga mlango kwa utando mweupe mwembamba. Kiangazi chote tulikuwa tunapita kando ya gogo hilo.

Nikampigia simu. Mtandao wa pale unautafuta kwa kupanda juu ya kichuguu, na ukiupata unakatika katika.

"Babu! Kweli? Ni wale wadogo?"

"Wale wale. Wengi."

"Mungu wangu! Babu, naomba uniwekee kumi tu, wazima. Umenielewa? Wazima, babu. Uwaweke... kivuli... mimi Alhamisi..."

"Nimeelewa mwanangu, nimeelewa."

"Wazima, sawa babu?"

"Wazima! Nimeelewa!"

Ikakatika.

Wewe sema, mzima ni nini? Asubuhi nikiamka jirani ananiuliza, "Babu, u mzima?" nasema mzima. Yai likitoka kwenye tenga bila ufa ni yai zima. Mtu akiota ndevu ni mtu mzima. Neno ni hilo hilo moja, na mimi nililishika kwa mkia. Nilisikia sauti ya yule wa Mpanda, mazima, mazima, lililopasuka kalishe kuku. Angesema "hai" ningejua. Lakini hilo "hai" kwetu tunalisikia zaidi kanisani, Mungu aliye hai, nani anamwambia mwenzake niletee kuku aliye hai? Unasema kuku. Ukitaka aliyechinjwa ndiyo unasema.

Na alisema kumi tu. Hilo nililisikia vizuri, hata mtandao ulikuwa safi. Lakini mimi ni mtu wa kutoa nyongeza. Nilivyolelewa, mtu akikutuma asali kibuyu kimoja unamjazia mpaka inamwagika, anajilamba vidole njiani na anakukumbuka. Mtu ambaye amekunywa uji kwangu siku zote zile nimpe kumi? Nikachukua ndoo ndogo ya rangi, nikawafagia wote kwa kiganja, mpaka wale wadogo kama kichwa cha njiti. Sikumwacha hata mmoja, nilipapasa na vidole kwenye ufa wa gogo. Niliona raha sana, nikijua atashangaa.

Sasa ganda lenye nyama ndani linanuka siku ya pili, kila mtu wa ziwani anajua hilo. Nikaenda hemani kwa jirani.

"Jirani, niazime chumvi."

"Kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Babu we! Vikombe viwili unapika nini, tembo?" Akachungulia ndoo. "Ala! Ninyi Wabende wa milimani mmeanza kula konokono?"

"Ni wa yule binti. Anataka maganda mazima, nayasafisha."

"Na wewe unamsafishia? Mke wako mbona hukumwoshea hata sufuria moja?"

"Aliyekwambia nani?"

"Sura yako."

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakacheka. Akanipa chumvi ile ya mawe ya kukaushia samaki, migebuka, na mimi nikarudi nikiwa nimefurahi bado, nataka ieleweke hivyo, nilikuwa nacheka njiani peke yangu.

Nikawamwagia kwenye beseni, maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chumvi. Nikangoja maji yatulie. Basi, wakaanza kufungua. Ule utando ukalainika, na mmoja akatoa pembe zake. Pembe mbili kama uzi wa kushonea, na kwenye ncha ya kila uzi nukta nyeusi. Halafu wa pili. Halafu beseni zima likawa linatoa nyuzi, taratibu, kama watu wanaochungulia milangoni kuona kama mvua imekuja kweli. Walidhani mvua imekuja.

Hapo nilisita. Ndicho kitu ambacho sijamwambia mtu. Kila anayejua habari hii, nami nimewaeleza wawili tu, anajua kwamba nilikosea neno. Kukosea neno ni bahati mbaya. Lakini mimi nilisita, nikajiuliza, je, binti anawataka hivi hivi walivyo? Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, na salio lilikuwepo. Kichuguu kiko hatua ishirini. Ila nilikuwa nimeshasema nimeelewa, mara tatu, kwa sauti kubwa, na mzee mwenye mvi hapigi simu kumwuliza mtoto wa chuo maana ya neno alilokwisha kusema analielewa. Nikaona haya. Nikamimina chumvi.

Walitoa povu. Sitaeleza zaidi. Baadaye nikawamwagia maji ya moto, nikawaosha maji matatu, nikawaanika kwenye wavu mkuukuu, wakang'aa. Walipendeza, kusema ukweli.

Alhamisi binti akashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba yangu kabla hata haijasimama vizuri. Nguo zote vumbi. Hakunywa uji. Akaweka begi chini, akatoa chupa moja kubwa ya kioo, ndani ameweka jani bichi na pamba iliyolowa, na mfuniko ameutoboa matundu. Matundu madogo madogo, ameyapiga kwa msumari.

Nikayatazama yale matundu. Kitu kisichopumua hakitobolewi mfuniko. Hapo ndipo neno lake likageuka kichwani mwangu likakaa vizuri, nikajua, na yeye bado hajafungua ndoo.

"Babu, wako wapi?"

"Wamo ndani ya ndoo."

Akafungua. Akaingiza mkono, akachota, wakagongana kwenye kiganja chake wakatoa sauti ile ya vitu vitupu.

"Babu. Ndivyo ulivyowakuta hivi?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi pana, gari lingepita.

"Ndivyo," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Kiangazi kikali mwaka huu."

Akasugua ganda moja kwa kidole, akatazama kidole. Kilikuwa na unga mweupe. Akanusa.

"Mbona kama wana chumvi?"

"Upepo wa ziwani," nikasema.

Ziwa letu, kwa wewe usiyelijua, ni maji matamu. Tunayanywa. Tunapikia chai. Hata ng'ombe waliokuja juzi wanajua kwamba ziwa hili halina chumvi. Na yule binti ambaye alisomea mambo hayo alinitazama kidogo tu, halafu akashusha macho kwenye ndoo, kwa adabu, jinsi mtoto aliyelelewa anavyoshusha macho mkubwa anapojamba mbele za watu.

"Sawa babu," akasema. "Labda ni upepo."

Angenitukana. Angesema babu wewe mwongo. Alinifunika nguo, na mimi nikajifunika kabisa.

Kisha akaniambia yote, kikao, mwenyekiti, Jumamosi. Akasema mmoja tu angetosha, hata nusu saa ya mvua ingetosha. Na kwa wakubwa zake wa chuo maganda si kitu, maganda hayaoneshi kwamba kiumbe anaishi mahali hapo leo. Akaniomba nimpeleke kwenye gogo. Nikampeleka. Tukaligeuza. Palikuwa pasafi kama sahani iliyolambwa, mistari ya vidole vyangu inaonekana kwenye udongo.

Jioni jirani akanifuata. Alikuwa amesikia, maana binti alikaa hemani kwao kula, na hakusema neno baya juu yangu, alisema tu babu alikuta wamekufa.

"Babu," akasema, bila utani hata kidogo, "chumvi ile ni mimi niliyekupa."

"Najua."

"Mwambie."

"Wewe si unataka kiwanja? Kesho kutwa wakikata unapata kiwanja karibu na maji."

"Nataka kiwanja. Nalala na watoto kwenye turubai, nataka kiwanja kuliko wewe unavyotaka pumzi. Lakini mwambie. Mtoto wa watu anatambaa kule anatafuta vitu ambavyo unajua havipo, mpaka magoti yametoka damu. Hata kama ningekuwa mimi ni konokono ningekuonea aibu."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho asubuhi?"

"Asubuhi."

"Mimi siendi kusema, babu. Mkubwa hasemewi. Lakini nakungoja."

Ijumaa asubuhi binti alikunywa uji. Ulikuwa umeungua, akasema mtamu. Nilifungua mdomo pale pale, sufuria mkononi, na nikasema, "Mwanangu." Akasema, "Naam babu." Nikasema, "Ongeza sukari."

Tukaingia kichakani. Alikuwa amegawanya mahali pote kwa kamba, kipande kwa kipande kama mtu anayepima mashamba, na kila kipande tunapekua majani kwa mikono, jani kwa jani, tunatazama chini na juu. Nilifanya kazi siku ile kuliko nilivyofanya tangu nije ziwani. Nilikuwa nawaombea. Nilisema moyoni, Mungu, mmoja tu, mmoja aliyebaki amelala mbali na wenzake, mgomvi, asiyependa kubanana, si kila ukoo unaye mmoja? Niligeuza mawe. Niligeuza vinyesi vya ng'ombe. Nikapata maganda, maganda, maganda. Kila nikiokota moja na kulikuta jepesi, natazama upande wake, na yeye ananitazama kwa matumaini, nami natikisa kichwa.

Mchana jua likawa kali, nzi wakatujaa machoni. Vijana wa kijiji walikuwa wameshaanza kuleta mapanga na mashoka, wameyaegemeza kwenye mti wa kwanza, tayari kwa kesho yake. Walikaa kivulini wanatutania.

"Sista, wamejificha Burundi hao!"

"Babu, ukimpata mwulize kitambulisho!"

Binti akacheka nao. Kisha akainama tena. Nilikuwa nyuma yake, naona nyayo za viatu vyake, na suruali imechanika magotini, na shingoni amejipaka majivu ya kufukuza wadudu kama nilivyomfundisha mimi. Bila kugeuka, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia tu.

"Babu, siku ile ulipowapata, walikuwa wamejifunga utando mlangoni? Au midomo ilikuwa wazi?"

Aliyejifunga utando yuko hai. Hilo nilikuwa nimekwisha kulijua, alinifundisha mwenyewe jana yake. Nikaelewa kwamba ananiuliza kama niliwakuta hai. Alikuwa hataki kunishika uongo. Alikuwa anataka kujua kwa ajili ya daftari lake tu, kwamba siku chache nyuma walikuwepo, wakiwa hai, kwenye gogo lile, na kama ningesema ndiyo, walikuwa wamejifunga, huenda angekuwa na neno la kwenda kumwambia mwenyekiti. Neno la shahidi. Neno langu. Ila baada yake lingekuja swali la pili, walikufaje, na vijana wapo pale kivulini wanasikiliza.

Nikasimama. Nikachukua dumu la maji lililokuwa kwenye mzizi.

"Maji yamekwisha," nikasema. "Nakwenda kuchota."

Akageuka akanitazama, kofia imekaa upande.

"Sawa babu. Usichelewe, tumalize kipande hiki."

"Sichelewi."

Njia ya maji inashuka kushoto. Mimi nikapanda kulia, kwenye mchanga, nikatokea barabarani. Nilimsikia mara moja akiita nyuma, "Babu! Babu, njoo!" Sijui kama alikuwa amepata kitu, au ni kiu, au aliona nimepotea njia. Sikugeuka. Nilitembea na dumu tupu mpaka njia panda, na bodaboda mmoja akasimama, kijana simjui.

"Mzee, wapi?"

"Kasekese."

"Na dumu?"

Nikaliweka chini kando ya barabara, nikapanda nyuma yake. Mizinga nimeiacha, na blanketi, na sufuria ya uji. Siku hizi nakaa Usevya kwa binti yangu aliyeolewa huko, nalinda ndege kwenye mpunga. Namba ya simu ya yule mwanafunzi niliifuta kabla hatujafika Kasekese.